Kikao cha Dharura Kuhusu Somo la Umeme Lililofundishwa Mtandaoni

Tarehe: Jumanne, 9 Juni
Mahali: Karakana ya useremala
Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwalimu wa useremala), mwalimu wa umeme, mwalimu wa kompyuta, Katibu (mwalimu wa ushonaji)
Asiyehudhuria: Mkuu wa chuo. Hakutoa udhuru.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi. Alieleza kwamba mwanafunzi wa umeme alipigwa shoti jana jioni kwao, akifanya zoezi la soketi baada ya somo la mtandaoni. Jirani ndiye aliyeleta habari. Simu ya kijana ilikuwa haipokelewi, na wajumbe wote walikuwa roho juu.

KUMB. NA. 2/ SOMO LILIVYOFUNDISHWA
Mwalimu wa umeme alieleza kwamba alifundisha kama kawaida yake: alieleza, akauliza "Tumeelewana?", wote wakaandika "Ndiyo mwalimu", akafunga kipindi.

Mwalimu wa kompyuta alisema darasani mtu huona mikono, ila mtandaoni kamera zilikuwa zimezimwa. Alikumbusha kwamba kwenye mafunzo aliyowapa walimu ya kufundisha mtandaoni alisisitiza kila mwanafunzi aoneshe kazi yake, asubiriwe, arudishwe akikosea. Mwalimu wa umeme alijibu kwamba mafunzo yenyewe yalikuwa ya kubofyabofya tu, na bando za intaneti za wanafunzi hazibebi kamera. Mwalimu wa kompyuta alimtaka asimtupie mzigo. Mwenyekiti aliwaomba wapoe.

Katibu alikiri kuogopa, kwa kuwa naye huuliza swali hilohilo na kupokea jibu hilohilo. Hakuna aliyemcheka.

KUMB. NA. 3/ KUMTAFUTA MWANAFUNZI
Iliamuliwa simu ipigwe tena, sauti isikike kwa wote. Mwalimu wa umeme aliomba mwingine apige. Mwenyekiti alipiga. Dada wa mwanafunzi alipokea, akasema wako hospitali: "Anapumua, tunashukuru. Mkono ndio hatujui."

Mwanafunzi aliomba apewe simu. Alimwamkia mwalimu wake, kisha akauliza, "Mwalimu, kwani nilikosea wapi?"

Mwalimu wa umeme aliuliza wako hospitali gani. Hakuwahi kumwona akifunga waya hata mmoja.

KUMB. NA. 4/ KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa tano kasorobo bila azimio. Mwenyekiti na mwalimu wa umeme waliondoka kwenda hospitali.

Sahihi ya Mwenyekiti: atasaini akirudi
Sahihi ya Katibu: imesainiwa