Hakuna wa Kutufukuza Msituni

Mama,

Safari hii nakuandikia Kiswahili. Miaka yote uliniuliza kwa Kiswahili nikakujibu kwa Kiswidi, tukaelewana hivyo hivyo jikoni kwetu Tensta, Stockholm. Leo nataka unisikie vizuri.

Tulipokwisha kukuzika nilikwenda Bujumbura. Nilidhani nikifika kwenu moyo utatulia. Mama mdogo alinipokea kwa machozi, akaniachia kitanda chake, akanikataza hata kuosha kikombe. "Wewe mgeni, kaa," alisema. Alisema kwa upendo, Mama, lakini nilijifungia bafuni nikalia.

Nilirudi Stockholm nimechoka. Karin, yule nesi mwenzangu aliyekuletea maua hospitali, akaniomba twende tukatembee msituni siku tatu, tulale kwenye hema. Nilikataa mara mbili. Unajua kwa nini. Shule ilipopeleka watoto msituni, ulimwambia mwalimu tunaumwa. "Msituni watu wanajificha," ulituambia, "hawaendi kutembea." Wewe wakati wa vita ulijificha humo wiki mbili, mama mdogo ukiwa umembeba mgongoni. Mimi sijawahi kukimbia popote, lakini hofu yako niliibeba.

Mara ya tatu nilikubali. Siku ya kwanza kila tawi lilipovunjika niligeuka nyuma. Jioni tukapiga hema kando ya ziwa, jua bado linawaka, nikamuuliza Karin, "Mwenye msitu akija?"

"Sheria inamruhusu mtu yeyote kulala hapa usiku mmoja," alisema. "Hakuna wa kutufukuza."

Mama, nililia mpaka Karin akazima jiko, chakula hakijaiva. Haikuwa huzuni. Sijui niiteje. Nilihisi mabega yameshuka.

Asubuhi nilikwenda peke yangu kuchuma blåbär, vile vitunda vya buluu vinavyotia ulimi rangi. Saa nzima! Nilikuwa nimeinama bado alipotokea bibi mmoja na mbwa wake, akaniuliza njia ya kwenda kituo cha basi. Nikamwelekeza. Akashukuru, akaenda zake. Nikabaki nacheka mwenyewe kama mwehu.

Sikulaumu, Mama. Ulitulinda kwa ulichokijua.

Jumamosi nakwenda tena, na mdogo wangu Aline. Anaogopa, ameshaniuliza habari za nyoka mara tatu. Nakuahidi nitamshika mkono mpaka auachie mwenyewe.

Lala salama, Mama. Wanao tumefika.

Binti yako,
Espérance