Jani Ndani ya Beseni la Bi Erminia

Dada Ottavia,

Wewe unayewajibu watu gazetini, nakuomba unishike mkono na mimi, maana sina mama wa kumwambia na jambo hili linaninyima usingizi kuliko mtoto wangu anayeota meno. Hapa kijijini kwetu, milimani nyuma ya Genova, mkahawa ni mmoja tu, wa Bi Erminia, mjane, ndiye aliyenilisha mama alipokufa, na kila Jumapili mimi na mume wangu Delio na mtoto tunakula kwake pansoti, zile tambi za kukunjwa zenye tumbo la mboga za mlimani na mchuzi wa jozi juu yake, na mboga anazichuma mwenyewe kama mama yake alivyochuma, hataki za sokoni, anasema hizo ni za kulishia sungura.

Sasa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima Delio alikula sahani yake akamaliza na yangu, kwa sababu nilikuwa nanyonyesha, jioni mdomo ukamkauka, mboni zikamtanuka macho yakawa meusi tii, akaanza kuongea na marehemu baba yake, "Baba, sogea, unanikalia koti," mimi nikacheka kwanza, Mungu anisamehe, halafu nikaona hatanii. Alilazwa hospitali akapona, na wengine waliokula kule walivurugika tumbo wakasingizia divai. Daktari aliniuliza mume wangu alikula nini, nikasema chakula chetu cha kawaida, maana kweli sikujua. Nilikuja kujua Jumamosi iliyofuata, nilipokwenda mkahawani kumsaidia Bi Erminia kuosha mboga, nikaona jani ndani ya beseni limefanana na borajine, mboga yetu ya siku zote, lakini ni mandragora, sumu, ile ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha nikiwa mdogo, akasema ukiila hii utaongea na wafu.

Nikamuuliza, "Shangazi, hili jani gani?"

Akalisogeza mpaka puani. "Borajine. Ndoa imekusahaulisha hata mboga, mwanangu?"

"Mwache, siku hizi anamjua Delio tu," akasema mzee mmoja mezani, watu wakacheka, mimi nikalificha jani kwenye aproni.

Ndipo nikatambua macho yake yamekwisha, hata divai anaimimina kwa kusikiliza glasi. Tangu hapo kila Jumamosi nakwenda kuchambua kimyakimya, najipa moyo kwamba atakubali opareshini ya macho na yote yatakaa sawa, lakini Pasaka anapikia kijiji kizima, na mikono yangu haitatosha. Nikisema, watamfungia mkahawa, na yeye bila mlima wake ataisha. Nikinyamaza je? Nifanye nini, dada?

Fiorenza

Fiorenza,

Pole. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Unampenda mama huyo, naona, na aliyekulea hasemwi kirahisi. Lakini unachambua sumu kwa macho mawili na mtoto mgongoni, halafu unaita huo msaada. Huo si msaada, binti. Unamfichia.

Weka gazeti chini uende kwake leo, peke yako, kabla wateja hawajaingia. Usimwambie macho yake mabovu, atabisha. Wazee wa milimani wote wanaona vizuri, waulize. Mpe majani mawili mkononi. Borajine ina vinyoya vinavyochomachoma vidole, mandragora haina ukali huo. Vidole vyake vitamwambia lile asilotaka kulisikia kwako. Akilia, kaa naye. Akikufukuza, kaa mlangoni.

Ukitoka hapo mpigie daktari aliyemtibu Delio, umtajie jani kwa jina lake. Usingoje ruhusa ya Bi Erminia. Ila asisikie habari hiyo kwa mgeni, ndiyo maana nimekutuma kwake kwanza.

Na usije ukadhani vidole vitamrudisha mlimani. Kikapu chake cha kuchumia kinatundikwa. Pasaka hii pansoti zijazwe mboga za sokoni, yeye akande unga, asage jozi, na kijiji kizima kilalamike kwamba hazina ladha. Kilalamike. Kuhusu opareshini, mpeleke, nami naomba iwe kama unavyotumaini, ila siwezi kukuahidi.

Unaniuliza ukinyamaza je. Jumapili ile sahani yako ililiwa na Delio, mwanamume mzima, na bado alizungumza na wafu. Wewe unanyonyesha, Fiorenza. Fikiria ungekuwa umekula wewe.

Ottavia