Mama Bukwe, Mwaka Huu Hatukanyagi Shimo

Mama Bukwe,

Tangu nimuoe Odile binti yako, mimi na wewe hatukuwa tukishikana mikono wala kula sahani moja. Ndivyo heshima ya ukwe inavyotaka. Ukiwa na la kuniambia ulimwambia ng'ombe, mimi nikiwa pembeni nasikia: "Weye ngombe, ambia bwana ya Odile, mulango ya zizi iko wazi." Nami nilimjibu ng'ombe yuleyule. Majirani wa barabara ya Kambove walicheka mpaka machozi.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza shambani, baada ya kuachishwa kazi kiwandani? Nilikuja na kiburi changu cha mjini. Kila mwaka mlikata mahindi mabichi, mkayatia shimoni, na akina mama wa kwaya wakayakanyaga huku wakiimba mpaka hewa yote itoke. Kisha plastiki, kisha udongo, na ng'ombe wana chakula cha kiangazi. Mimi nikaona hiyo ni kazi ya kizamani. Nikaenda mgodini Kamatanda, nikanunua mifuko iliyokwisha kubeba mawe ya shaba, nikaijaza mahindi, nikaifunga kwa kamba. "Hii ndiyo moderne," nikamwambia Odile. Maskini mimi! Mifuko ile imefumwa, inapitisha hewa kama chandarua.

Mwezi wa saba nilifungua wa kwanza: ukungu mtupu, na harufu ya kukimbiza hata nzi. Ng'ombe walinusa, wakanigeuzia mgongo. Ukasimama kando, ukamwambia jike mwekundu: "Pole, mama. Bwana ya Odile amekupikia mawe." Basi. Hukuongeza neno. Kumbe nusu ya mahindi ulikuwa umeyashindilia shimoni bila kelele, na shimo hilo ndilo lililotuvusha mpaka mvua. Majirani walipouliza mifuko imepatwa na nini, ulisema panya. Nilikupenda siku ile, Mama, na sikuwa na njia ya kukuambia.

Sasa mahindi yamefikia kukatwa tena, nawe hupo duniani. Ng'ombe wamebaki wanne, wengine tuliwauza ulipougua. Wawili wana mimba, watazaa kiangazi. Wale mama wa kwaya, magoti yamechoka. Tena shimo likifunguliwa kwa ng'ombe wanne, chakula kinakaa wazi siku nyingi, kinapata joto, kinaoza. Odile anataka mifuko ya plastiki nzito isiyopitisha hewa: unafungua mmoja, unaisha, unafungua mwingine. Anasema kweli. Mwezi mzima nimemkatalia, eti kwa ajili ya ng'ombe. Uongo. Niliona nikiacha shimo ninakuacha wewe.

Jana nilimwambia hivyo. Akaniuliza: "Siku ile hospitali, mama alikushika mukono. Alisema nini?"

Nilikuwa sijamwambia mtu. Ulisema: "Mutoto wangu, ngombe haili heshima. Angalia tumbo yabo."

Leo nimelifukia shimo lako kwa koleo, nikilia bila haya. Kesho tunajaza mifuko. Nikikosea, hao wawili watazaa na njaa, na kosa litakuwa langu peke yangu. Ningefurahi useme chochote, Mama, hata matusi.

Mukwe wako,
bwana ya Odile