Nilichomjibu Mwakio Kuhusu Mteremko

Dada yangu Mghoi,

Hamjambo huko Wusi? Goti la mama linasemaje na ukungu huo? Ng'ombe ameshazaa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ng'ambo inanivalisha soksi jozi tatu.

Treni tunazojifunza kuendesha ni za mizigo, za umeme, zilizoundwa kwa ajili ya milima. Hazili dizeli, zinachukua umeme kwenye waya ulio juu ya reli. Niliona moja ikipanda na mabehewa ya mawe ya chuma, mahali ambapo injini zetu za Voi zingekohoa hadi zizimike. Kushuka ndiko kwa ajabu: mota zenyewe zinaishikilia treni na kurudisha umeme kwenye waya. Breki ya hewa unaigusa mwishoni tu.

Sasa la moyoni. Mwakio, huyo jirani yetu, nilimfundisha kazi mimi pale Voi. Huku amenipita. Mwalimu akiuliza, Mwakio anajibu. Hata mama akipiga simu, anauliza, "Mwakio anakula vizuri?" Wivu umenikaba, Mghoi, sikufichi. Na wa kuajiriwa huku baada ya mtihani alikuwa mmoja tu.

Kwenye mazoezi nilitangulia mimi kuushuka mteremko wa mtihani. Nikaanza na breki ya hewa kama tulivyozoea nyumbani, magurudumu yakapata moto, mwalimu akanirekebisha tukiwa wawili tu.

Siku moja kabla ya mtihani, tukila chakula cha mchana, Mwakio akaniuliza, "Kaka, ule mteremko unauanzaje?"

Nikatafuna kwanza. "Kama Voi tu. Hewa kwanza."

"Lakini kitabu kinasema umeme kwanza."

"Kitabu hakijaushuka. Mimi nimeushuka."

Akaniamini kuliko kitabu. Kesho yake treni yake ilisimama katikati ya mteremko, magurudumu yakitoa moshi. Nafasi nikapewa mimi. Alikuja kunipongeza, akasema, "Pengine sikukuelewa vizuri, kaka." Heri angenitukana. Na bado ninamwonea wivu, maana anafunga mizigo yake huku anaimba, na mimi niliyeshinda chakula hakishuki.

Msalimie mama sana, na shangazi wa Werugha, na shemeji yetu fundi cherehani pale Mwatate. Mwambie koti alilonishonea ndilo linaloniokoa.

Barua hii anaileta Mwakio mwenyewe. Hajui kilichomo, nimeifunga kwa gundi kwa sababu kumwambia uso kwa uso nilishindwa. Mkaribishe jikoni, mpe chai, kisha umsomee yote kwa sauti, mama akiwepo. Akitaka kunipigia simu, nitapokea.

Mwalimu sijamwambia. Hii kazi bado naitaka.

Ni mimi kaka yako,
Mwadime