Meno Mawili Mbele ya Sumaku

Mama Chebet mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na watoto mmeamka salama, na mvua ya Sigowet inanyesha kwa adabu, si kama ile ya mwaka jana iliyobeba njia yote ya kwenda kituo cha chai. Ng'ombe amezaa? Chebet kikohozi kimemwacha? Mimi nilikuwa mzima mpaka wiki iliyopita. Kaa chini kwanza kabla ya kuendelea, na kama mama yangu yuko karibu, usisome kwa sauti.

Nilianguka kazini. Tulikuwa tunakunja mashuka ya hospitali, mimi na Muriuki, yule mtu wa Meru niliyekuambia tunafanya naye kazi ya dobi. Nakumbuka mkono wa kulia ukianza kuruka wenyewe, basi. Nilipofungua macho nilikuwa sakafuni, mdomo una damu, na Muriuki amepiga magoti kando yangu ameshika kijiko.

"Bana Koech, umenitisha," akasema. "Umeuma meno, umefunga kabisa. Nimejaribu kuingiza hii kijiko, hakuna mahali inapita."

Hayo maneno yaliniumiza kuliko kuanguka kwenyewe. Unajua kwa nini nilitolewa meno mawili ya chini nikiwa mtoto. Mama ndiye aliyenishika kichwa siku hiyo, katikati ya magoti yake, na alipokuwa akininyamazisha akaniambia ni kwa sababu ya pepopunda. Taya likikaza, watu wako wanakupitishia maziwa pale kwenye pengo, hufi njaa. Wewe ulinicheka nilipokusimulia, nami nikakuambia baba yako huko ziwani alitolewa sita, kwa hivyo nyinyi mliogopa mara tatu kuliko sisi. Sasa siku taya limekaza kweli, pengo halikuwepo. Lilizibwa mwaka juzi na walimu wa shule ya meno ya huku, wale waliokuwa wakitafuta watu wa kufundishia wanafunzi. Unakumbuka nilikutumia picha ukanijibu, "Sasa umekuwa kijana, nitakujua aje nikikuja kukupokea?" Mama hajaonyeshwa picha hiyo mpaka leo, na tulikubaliana hivyo.

Daktari akasema lazima kichwa kipigwe picha, ajue kama kuna uvimbe ndani. Hilo neno uvimbe alilitamka kama mtu anayetaja bei ya sukari. Picha yenyewe si eksirei. Inaitwa MRI, ni sumaku kubwa yenye tundu katikati, na mtu anaingizwa humo amelala. Muriuki husukuma mikokoteni ya mashuka mpaka mlangoni kwao, na anasema yeye haruhusiwi kupita hapo hata na funguo mfukoni.

Siku ilipofika nikavua mshipi, saa, na ile pete yako. Dada wa mashine akaniuliza kama nina chuma mwilini. Nikasema hapana. Akauliza, meno ya bandia je? Nikasema hapana. Wala sikuwa nadanganya! Kwangu mimi meno ya bandia ni yale ya shangazi wa Siongiroi, aliyokuwa akiyatoa na kuyalaza kwenye kikombe cha maji. Yangu hayatoki. Nikipata mahindi ya kuchoma natafuna nayo.

Basi wakanilaza, wakanizungushia kichwa kitu kama kizimba, wakanipa mpira wa kubonyeza nikishindwa. Kitanda kikaanza kuingia. Mabega yalipofika mlangoni mwa lile tundu, ndipo nikamwona tena akilini yule mwalimu wa meno akiwaonyesha wanafunzi skrubu mbili, ndogo kama za redio, kabla ya kuzizungusha ndani ya mfupa wa taya langu. Nilibonyeza ule mpira mpaka vidole vikauma.

"Meno yana skrubu," nikamwambia dada waliponitoa.

Uso wake ulibadilika. Hakunigombeza, akaniambia nivae nguo nirudi nyumbani, mpaka waulize ile shule ni chuma gani walichoweka.

Leo wameniita. Wanasema ni titani, na sumaku haivuti titani. Wanasema. Taya si lao. Kesho narudi, na ninaogopa, Mama Chebet, sitakuficha. Naogopa skrubu zikivutwa. Naogopa zaidi zisipovutwa, kwa maana hapo picha itatoka, na lililo ndani litajulikana.

Naendelea tena, nimeshatoka huko. Nilibana ulimi kwenye yale meno mawili tangu naingia mpaka natoka, niyashikilie. Kelele zake ni kama mtu anayegonga mabati juu ya kichwa chako kwa nyundo, akipumzika unafikiri amemaliza, kumbe anabadilisha mkono. Niliomba kwa Kipsigis, nikaomba kwa Kiswahili, nikashindwa kukumbuka hata Baba Yetu inaendelea vipi. Meno hayakusogea. Hata joto hayakupata.

Dada akanionea huruma, akanionyesha picha moja kwenye kioo. Ni kichwa changu kimekatwa katikati kwa upande, pua, ulimi, shingo, kila kitu mahali pake. Lakini pale mbele, kwenye taya la chini, palikuwa peusi tu. Shimo. Nikadhani meno yameondoka. Akacheka, akasema titani haivutwi lakini inafuta picha pale ilipo, na ubongo uko mbali nayo, unaonekana vizuri. Nikamuuliza, ameona nini kwenye ubongo? Akasema kusoma si kazi yake, daktari ataniambia Ijumaa. Sikuona kama alinitazama aliposema hivyo. Macho yangu yalikuwa kwenye lile shimo.

Simu ya dukani ninayokupigia najua bado imekatwa, kwa hivyo barua hii itakufikia Ijumaa imeshapita. Utakapokuwa ukiisoma, mimi nitakuwa najua tayari na wewe bado. Jambo hilo linanitesa kuliko mashine. Ikiwa ni uvimbe, narudi nyumbani. Sitaki taya linikaze tena mahali ambapo mtu wangu wa karibu ana kijiko tu.

Nisalimie baba yako, na umwambie mkwe wake bado anamtania. Dada yangu wa Bomet msalimie, lakini usimweleze lolote, huyo akijua asubuhi soko zima linajua mchana. Chebet na mdogo wake wakumbatie kwa mikono yangu.

Mama usimsalimie tu. Mtolee ile picha ya meno, umsomee barua hii yote tangu mwanzo. Atakasirika, mwache akasirike. Akishatulia, mwambie sumaku ya wazungu imetazama ndani ya kichwa cha mtoto wake, haikuona yale meno mapya. Imeona pengo lake, liko pale pale alipoliacha. Mwambie aniwekee maziwa.

Ni mimi mume wako, ninayeihesabu Ijumaa kwa hofu,

Baba Chebet