Uyoga Uliokataa Mavi ya Dubai

Jumatatu, 4 Agosti
Mimi bahati ilinianza tumboni kwa mama. Wenzangu wametoka machimbo ya Mwakitolyo na kikohozi, mimi nimetoka na ng'ombe. Nimemnunua kwa dhahabu yangu, nikamwita Dubai. Na sasa nalipwa kuangalia mavi. Dada Rehema, mwanafunzi wa chuo, kaniachia mabeseni manne: mavi ya punda, mbuzi, kondoo, na ya Dubai. Nanyunyiza maji, nafunika nailoni, naandika uyoga gani umeota wapi. Darasa la sita linatosha.

Ijumaa, 8 Agosti
Punda anaongoza. Vinywele kama vya kioo, kila kimoja na kichwa cheusi, vyote vimegeukia dirisha. Jua likipanda vinafyatua vichwa mpaka kwenye nailoni. Mbuzi anafuata. Kondoo ana vikombe vya njano, vidogo kuliko kichwa cha njiti. Dubai kimya. Anaringa.

Jumanne, 12 Agosti
Bado kimya. Nimeongeza beseni la tano, mavi ya ng'ombe wa jirani yangu Baba Neema. Tuone.

Jumatatu, 18 Agosti
La Baba Neema limetoa miavuli ya kijivu. Asubuhi imesimama, mchana imeyeyuka ikawa wino. La Dubai hata ukungu hakuna. Dada Rehema kaja, utani wangu hakuucheka.
"Kaka, huyu anakunywa wapi?"
Dimbwi la nyuma hapo, wanakooshea dhahabu. Wa Baba Neema wanakwenda lambo, mwendo wa saa nzima. Nilikuwa nawacheka.
"Sina hakika kama ni maji. Ila asinywe tena pale."
Dimbwi lile lina zebaki ya kunasia dhahabu, nyingine niliimwaga mimi.

Jumatano, 20 Agosti
Nimempeleka lambo. Hakufika. Kalala njiani, miguu ya nyuma inatetemeka. Bwana mifugo kachoma sindano, kasema tungoje. Baba Neema kaja na turubai la kivuli.
"Mzee wa Dubai, leo huna hadithi?"
Sina.

Ijumaa, 22 Agosti
Hali wala hanywi. Nimemkanda miguu, nimemwimbia, upuuzi mtupu. Beseni lake nimelifunua mara sita. Kingeota kiuyoga kimoja tu ningeshukuru. Naogopa.

Jumamosi, 23 Agosti
Kafa saa nne asubuhi.

Jumatatu, 25 Agosti
Nyama tumekatazwa, tumefukia. Ngozi nilichuna. Kwetu Usukumani ukimlishia mtu ng'ombe wake akafa, unampelekea mwenyewe ngozi, aone hukumuuza. Nimeipeleka Didia kwa Mama Kulwa, mjane. Shikamoo. Marahaba. Kaitandaza uani, kaitafuta chapa yake pajani, kaishika muda mrefu. Alikuwa na huyo mmoja tu.
"Pole, ng'wanawane," kasema, kama anamwambia mwanawe wa kumzaa.
Nimerudi kwa miguu.
Dubai sikumnunua. Machimboni sikupata hata punje.