Gauni la Idi siku ya arobaini

Ijumaa jioni, Mitwero. Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi na mvua imegoma kunyesha. Mikono yangu bado inanuka vitunguu, na moyo hautulii.

Leo ilikuwa arobaini ya jirani yetu, mama yake Salma.

Siku aliyofariki, mama yangu aliniambia niwakusanye watoto kwetu, wasione maiti ikioshwa wala jeneza likitoka. Ndivyo tunavyofanya huku. Mimi si msemaji, kwenye misiba huwa najificha jikoni, kwa hiyo nilishukuru kupewa watoto. Salma ana miaka saba. Akaniuliza mama yake yuko wapi.

Nikamwambia amekwenda Mtwara kutibiwa, atarudi.

Sikutumwa na mtu. Lilinitoka tu. Kisha watu wazima wakaliona linafaa, nao wakawa wanamwambia hivyo hivyo.

Majirani hawakumwacha bibi yake Salma. Walileta kuni, maji na unga, wakalala naye mkekani siku tatu. Salma alipewa biskuti akaambiwa akacheze.

Leo tulikuwa uani tunakata vitunguu, masufuria makubwa yakiwa tayari motoni, Salma akatoka ndani amevaa gauni lake la Idi, lile la njano. Viatu kavigeuza, cha kushoto mguu wa kulia.

"Dada Rehema, mama anafika na basi la saa ngapi?"

Alikuwa ameona pilau, mikeka na watu wengi. Alidhani tunampokea mama yake.

Jirani mmoja akacheka, "Huyu naye kwa vituko!" halafu akaziba mdomo kwa kanga. Mama yangu akaninong'oneza nimwache, ataambiwa siku nyingine. Bibi aliinamisha kichwa.

Nilimshika Salma mkono tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye ndoo za maji. Nikamwambia mama yake amefariki. Kwamba hakwenda Mtwara. Kwamba siku ile alipokuwa kwetu akichora chini kwa kijiti, ndipo walipokuwa wanamzika.

Hakulia.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Muongo wewe," akasema, akaondoka.

Nilikwenda kumwomba bibi radhi. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hilo lilikuwa langu mimi. Nilishindwa kufungua mdomo." Akamwita Salma, akampakata katikati ya mkeka, mahali ambapo watoto huwa wanafukuzwa. Baada ya dua wanawake wakaanza kumsimulia. Yule aliyecheka akasema, "Mama yako chapati zake hazikuwahi kuwa duara hata siku moja! Tulikuwa tunamwambia anapika ramani."

"Hata siku ya Idi?"

"Hata siku ya Idi, mwanangu."

Hapo Salma akalia. Wakalia naye wote.

Mimi nilibaki mlangoni na sahani. Nilipompelekea hakuigusa, mpaka bibi alipoichukua akamlisha mwenyewe.

Ningesema ukweli tangu mwanzo, angelia na wafiwa wenzake siku zile tatu watu walipokuwa wamejaa. Nilimfanya asubiri basi siku arobaini. Hilo sijui nalirudishaje.

Kesho ni Jumamosi, siku ambayo mama yake alikuwa akimsuka. Nitakwenda na kitana na mafuta. Akinikataa, nitakaa pale barazani kwao.

Akiniuliza jambo lolote, nitamjibu kweli.